Kisima cha Mchangani: Presha Inaposhuka Ukiwa Kwenye Mashine

Mazungumzo na wagonjwa wa figo na ndugu zao, Dodoma, wiki ya Siku ya Figo Duniani

Mbukwenyi!

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari za asubuhi. Najua wengine mlikuwa kwenye mashine jana na mwili bado mzito, kwa hiyo atakayetaka kuegemea ukuta aegemee, na mwenye kutaka kunyoosha miguu anyooshe. Mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Manyoni, mkaamka saa tisa usiku kuwahi gari, poleni sana na safari.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kusafisha damu. Kila mwaka Alhamisi ya pili ya Machi inapofika tunazungumza namna ya kuzilinda figo: kupima sukari, kupima presha, kuacha kunywa dawa za maumivu kama karanga. Ni maneno mazuri, wajukuu zenu wayasikie. Lakini ninyi mlioketi hapa figo zenu zimekwisha kuchoka, na kinachowatesa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni kitu kingine. Ni ile saa ya tatu ya mashine, pale presha inapoporomoka. Nimeomba leo nizungumzie hilo peke yake.

Tuanze na hesabu ambayo inanishangaza mpaka leo. Mtu mzima ana damu kama lita 5 mwilini. Anakuja Jumatatu akiwa na maji ya ziada lita 3, wengine lita 4, na yote hayo tunayatoa kwa kupitia kwenye damu. Sasa ukichota lita 4 kwenye ndoo ya lita 5, kinabaki nini? Mbona watu wanaamka, wanavaa viatu, wanakwenda nyumbani?

Jibu wanalo waliokulia vijijini kwetu. Nani hapa amewahi kuchota maji kwenye kisima cha mchangani? (Karibu nusu ya ukumbi walinyoosha mikono.)

Basi mnajua. Mwezi wa tisa, wa kumi, mto umekauka, juu ni mchanga mtupu. Unachimba kwa mikono hadi kiwiko, hadi bega, mpaka mchanga unaanza kuwa na unyevu, halafu chini maji yanajikusanya, kiasi cha bakuli. Unachota kwa kata, polepole, unamimina kwenye ndoo. Kisima kinabaki kitupu. Unakaa pembeni unasubiri. Maji yanachuruzika kutoka kwenye mchanga, yanajaa tena, unachota tena. Marehemu mama yangu alikuwa akinigombeza pale: "Usikombe!" Maana ukikomba unapata tope, kingo zinabomoka, na anayekuja nyuma yako hakuti kitu.

Mishipa yenu ya damu ndiyo kisima hicho. Maji mengi mliyobeba hayamo ndani ya damu, yamejificha nje yake, kwenye nyama, ndiyo maana ukibonyeza mguu kwa kidole panabaki shimo. Mashine haina mkono wa kufika huko. Inachota kwenye damu tu, na damu inajazwa kutoka mchangani kwa mwendo wake yenyewe. Mashine ikichota kwa mwendo wa kujaa, presha inatulia saa zote nne. Ikichota kwa haraka zaidi, kisima kinakauka, moyo unabaki unasukuma mishipa isiyo na kitu, na presha inaanguka. Hapo ndipo mnapotuuliza, "Sista, presha imeshukaje na miguu bado imevimba?" Miguuni maji yapo. Kwenye mishipa ndiko kulikokauka.

Na visima havifanani. Mwenye kisukari cha miaka mingi, mishipa yake ya fahamu imeumia, kwa hiyo mishipa ya damu haijui kujibana presha inapoanza kushuka. Mwenye moyo dhaifu hana nguvu ya kufidia. Aliyekonda kwa kutokula naye ana shida yake, kwa sababu protini iliyomo kwenye damu ndiyo inayoyavuta maji yarudi ndani ya mishipa. Kwa hiyo yai, samaki, kuku, kipande cha nyama kwa kiasi alichokuelekeza mtaalamu wa lishe, visikwepwe kwa kudhani mgonjwa wa figo hali kitu. Anayesafishwa damu anahitaji protini zaidi kuliko alivyohitaji kabla hajaanza mashine.

Sasa mwendo wenyewe ni upi? Kipimo ambacho wataalamu wengi wanakishikilia ni kutovuka mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa kila saa. Ukizidi hapo, mara kwa mara, moyo unaumia. Tumchukue mama wa kilo 50. Kumi na tatu mara hamsini ni mililita 650 kwa saa. Kwa saa nne anapata lita 2.6. Huyo mama akija na kilo 4 za maji na akataka zote zitoke siku hiyo, tunatakiwa kumvuta lita nzima kila saa. Huko ndiko kukomba.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapogombana. Mgonjwa anasema: "Sista, nitoe saa moja kabla, basi la mwisho litaniacha." Au sisi wenyewe, niseme ukweli, zamu inayofuata imejaa benchi, wanasubiri, na tunajaribiwa kufupisha. Maji ni yale yale, saa zimepungua. Kinachobaki ni kuvuta kwa nguvu zaidi. Nimefanya kazi mahali ambapo mgonjwa aliyetolewa maji mengi kwa saa tatu alisifiwa kama amebeba gunia la mahindi peke yake. Sifa ile ilikuwa mbaya. Mimi nikiulizwa dawa ya kwanza ya presha inayoshuka, nasema ni muda. Nusu saa ya nyongeza. Ikishindikana, siku ya nyongeza wiki hiyo. Na yakibaki maji, basi yabaki kidogo leo tuyamalize keshokutwa, ilimradi daktari ameona mapafu yako salama. Ninyi ndugu mnaosindikiza, mnaweza kutusaidia sana hapa: tafuteni usafiri unaoweza kusubiri kwa muda wa saa nne na nusu, na msimfikie mgonjwa mlangoni mkitazama saa.

Wanaokuja mara mbili kwa wiki kwa sababu ya nauli au kwa sababu bima imekwama, nawaelewa, na inaniuma. Hata wanaokuja mara tatu wana lile pengo la mwisho wa wiki, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, na hilo ndilo pengo la hatari kuliko yote. Jumapili kuna kipaimara, kuna harusi, kuna soda. Jumatatu asubuhi tunaona matokeo kwenye mzani.

Kwa hiyo presha inayoanguka Jumatatu saa nne asubuhi, mara nyingi imeanza kutengenezwa Jumamosi jikoni. Na jikoni adui wa kwanza ni chumvi. Watu huja kwangu wameapa kupunguza maji, lakini wanakula chumvi, halafu wanajilaumu kwamba hawana nidhamu. Nidhamu haiwezi kushinda kiu ya chumvi, mama zangu. Itazameni dripu tunayowawekea. Imeandikwa 0.9. Maana yake lita moja ya maji yale ina gramu 9 za chumvi, na maji ya mwilini mwako yanataka chumvi inayokaribia kiasi hicho hicho. Ukila gramu 9 za chumvi, mwili utakudai karibu lita nzima ya maji, na hautakuacha ulale mpaka umelipa. Kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa kina gramu 5 au 6 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka hata mtu mzima mwenye figo nzima asifike gramu 5 kwa siku, ukijumlisha iliyomo kwenye mkate, kwenye samaki wa kukausha, kwenye vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi.

Na kuna magadi. Sisi mlenda wetu bila magadi tunaona haujaiva. Magadi hayana ladha ya chumvi ulimini, lakini sodiamu ni ile ile inayovuta maji. Bibi mmoja aliniapia kwamba hajagusa chumvi mwezi mzima, na alikuwa mkweli, lakini kila jioni alikuwa na mlenda wa magadi na ugali wa uwele. Tulipoyaondoa magadi, ndani ya wiki mbili alikuwa anaongezeka kilo mbili kati ya siku za mashine badala ya tatu na nusu. Nawaomba mjaribu mlenda bila magadi. Wekeni kitunguu, kitunguu saumu, pilipili, ndimu kidogo. Ila ile chumvi mbadala inayouzwa kama chumvi ya wagonjwa wa presha, msiiguse: imejaa potasiamu, na potasiamu ikipanda inasimamisha moyo. Kwa sababu hiyo hiyo, ubuyu unaomumunywa ili kupooza kiu, pamoja na ukwaju na zabibu kavu, ongeeni nasi kwanza kabla hamjavizoea.

Maji yenyewe kila mmoja ana kipimo chake, kulingana na mkojo unaotoka bado. Wengi huambiwa mililita 500 hadi 750 kwa siku, ukiongeza na kiasi cha mkojo wa siku hiyo. Maji ni pamoja na chai, uji, mchuzi, maziwa, embe, tikiti na barafu. Ninapenda njia ya chupa. Asubuhi jaza chupa kipimo chako cha siku. Ukinywa kikombe cha chai, mwaga kiasi kile kile kutoka kwenye chupa, hata kama ni kumwagilia ua. Chupa ikikauka, siku imekwisha. Tumia kikombe kidogo cha kahawa, siyo bilauri. Sukutua maji ya baridi uteme. Nyonya kipande cha ndimu. Mwezi wa kumi Dodoma, jua linapochoma bati na upepo umekausha midomo, najua nakuombeni jambo gumu. Kaeni kivulini, fanyeni shughuli asubuhi mapema. Na wenye kisukari, kiu yenu mara nyingi ni sukari iliyopanda, ipimeni.

Lengo ni kwamba kati ya siku moja ya mashine na nyingine usiongezeke zaidi ya asilimia 4 ya uzito wako mkavu. Kwa mtu wa kilo 50 hizo ni kilo 2. Kilo moja ni lita moja ya maji.

Uzito mkavu wenyewe, huo unaoandikwa juu ya faili, si namba ya kudumu kama namba ya kitambulisho. Ni uzito wako ukiwa huna maji ya ziada, na mwili unabadilika. Mtu ameanza kula vizuri baada ya mavuno, amenenepa nyama halisi kilo mbili, sisi tunaona kilo mbili tunadhani ni maji, tunamvuta. Atabanwa misuli ya miguu mpaka apige kelele, presha itashuka kila siku, sauti itakauka, ataondoka hoi. Mwingine ameugua, amekonda, lakini uzito kwenye faili ni ule ule. Huyo anatoka kwetu akiwa na maji yaliyojificha, usiku hawezi kulala chali, anahema. Kwa hiyo nguo zikianza kukubana au kukulegea, tuambie. Usisubiri tugundue.

Nina jambo langu la kukiri hapa. Ilikuwa Juni, ule upepo wetu wa baridi. Mzee mmoja aliingia amevaa koti zito, nikampima nalo kwa sababu alikuwa anatetemeka na nilimwonea huruma. Nikaandika uzito, nikapiga hesabu, nikaweka mashine. Saa ya kwanza na ya pili alikuwa akisimulia habari za ng'ombe wake. Saa ya tatu akaanza kupiga miayo. Mwayo mmoja, wa pili, wa tatu. Nilimwona, nikadhani ni usingizi wa kuamka alfajiri. Halafu akanyamaza. Nilipomshika mkono ulikuwa umelowa jasho la baridi, macho yanatazama darini, presha imetoka 134 imefika 76. Tukalaza kiti, tukainua miguu, tukasimamisha kuvuta maji, tukampa dripu mililita 200, tukapima sukari. Baada ya dakika chache akauliza, "Nilikuwa wapi?"

Wakati wa kuondoka binti yake aliniomba nimshikie lile koti. Mkono wangu ulishuka kwa uzito wake. Mfukoni mlikuwa na redio ndogo, tochi, betri nne na Biblia. Nililiweka kwenye mzani: kilo 2 na robo. Zaidi ya lita mbili nilizomvuta baba yule hakuwa nazo. Zilikuwa redio na tochi. Tangu siku hiyo simpimi mtu na koti, na mtu akipiga miayo nakwenda na kipimo cha presha kabla sijafikiri kingine.

Ndugu mnaokaa pembeni ya kiti, hilo ndilo jicho ninaloliomba kwenu. Miayo. Kunyamaza ghafla kwa mtu aliyekuwa akiongea. Jasho jembamba, kichefuchefu, masikio kuvuma, macho kuona giza, misuli ya mguu kukaza. Hata kukasirika bila sababu. Tuiteni hapo hapo. Tukisimamisha kuvuta mapema, mara nyingi hatuhitaji hata dripu. Na kumbukeni dripu ile ina chumvi: mililita 200 ni karibu gramu 2, ambazo unarudi nazo nyumbani pamoja na kiu yake.

Wazee wangu wa kiume, nawasihi kwa heshima zote. Mmelelewa kuvumilia. Jando mlivumilia, njaa mlivumilia. Kwenye kiti cha mashine msivumilie. Wengine mnaficha kizunguzungu kwa hofu kwamba tutaacha kutoa maji na mtarudi nayo nyumbani. Lakini kila presha inapoporomoka, moyo unakosa damu kwa muda, na sehemu zake zinapigwa ganzi. Ikijirudia wiki hadi wiki, ganzi inakuwa kovu. Ubongo nao hivyo hivyo. Mkojo kidogo uliobaki unakauka. Na fistula, ule mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji ili tuchomee sindano za mashine, mtetemo wake mnaousikia unaweza kuzima usiku ule ule damu ikiganda. Jioni ya siku presha iliposhuka, weka vidole juu ya fistula kabla hujalala, na asubuhi tena. Mtetemo ukipotea usingoje siku yako ya mashine, njoo.

Yapo mambo ambayo sisi tunaweza kuyafanya kwenye mashine, na mna haki ya kuyaulizia. La kwanza ni joto la maji ya kusafishia. Tukiyashusha kutoka nyuzi 37 hadi 36 au 35.5, mishipa inajibana na presha inashikilia vizuri. Mtasikia baridi. Leteni shuka au blanketi, na mwuguzi akikwambia ameshusha joto, usimwombe alipandishe. Jifunike, ila mkono wenye sindano uache wazi tuuone.

Chakula nacho. Ukila sahani ya wali na supu ukiwa kwenye mashine, damu inakimbilia tumboni, na kisima kilichokuwa kinajitahidi kinaishiwa. Mwenye kushuka presha ale nyumbani mapema, au baada ya kumaliza. Asiyeshuka, na hasa aliyekonda, kwake tunaweza kuamua tofauti, na mwenye kisukari asije na njaa akashuka sukari badala ya presha.

Dawa za presha: wengine daktari huwaambia wasimeze asubuhi ya mashine, wameze baadaye. Wengine wakiruka dozi presha inapaa hadi hatari. Msiigane. Leteni vidonge vyenyewe kwenye mfuko, tuvitazame pamoja, kila kimoja na saa yake.

Mkimaliza, msiruke. Kaa ukingoni, hesabu pumzi ishirini, tukupime ukiwa umeketi na ukiwa umesimama. Bodaboda hapana, si siku hiyo. Kizunguzungu kikikupata nyuma ya pikipiki barabarani hakuna wa kukudaka. Na mwenye kuumwa kifua, au aliyeanguka akapoteza fahamu, au asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, huyo haongojei Jumatatu, anakuja usiku huo huo.

Kuna kijana ameniandikia karatasi anauliza kuhusu kupandikizwa figo. Muhimbili walianza 2017, na hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza 2018, kwa hiyo si lazima tena kufikiria India kwanza. Zungumza na daktari wako, njoo na ndugu aliye tayari kupimwa. Na mpaka siku hiyo ifike, huu moyo ulio nao ndio utakaokupeleka kwenye chumba cha upasuaji, ndiyo maana nimesimama hapa muda wote huu nikiongelea mililita.

Mzani uko pale mlangoni, na mwenzangu ana kipimo cha presha. Tutampima kila mmoja, tuandike uzito wa leo kwenye kadi yake aende nao kwenye mashine. Tutaanza na waliotoka mbali. Baba uliyekaa kule nyuma, mwenye koti la kahawia, njoo wewe wa kwanza. Nipe koti nikushikie.